Kwadi alasiri, chakula cha usiku kambini: namna ya kupanga safari ya jangwa la Sharqiya, Omani

Kila msimu wa baridi ukiingia simu zinaanza. Binamu anakuja kutoka Unguja, rafiki anapita akitokea Mombasa, kijana mwingine yuko Maskati kikazi na ana Ijumaa moja tu ya kupumzika. Wote wameona video ya watu wanaoendesha kwadi, zile pikipiki za matairi manne, juu ya mchanga mwekundu, kisha usiku wamekaa kwenye mazulia wanakula nyama iliyotoka motoni. Wanataka kujua waanzie wapi. Nimekwisha kuwapeleka wengi, watoto kwa wazee, na hapa naweka yote ninayowaambia.

Jangwa ninalolisemea ni lile lililokuwa likiitwa mchanga wa Wahiba, kwa jina la kabila la Mabedui wa huko, na sasa kwenye ramani linaandikwa Mchanga wa Sharqiya. Ni kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na 80 kwa upana, na mlango wake ni wilaya ya Bidiya, kilomita 220 hivi kutoka Maskati.

Kubwa kuliko yote ni hili: ipange siku kwa kufuata jua. Mchana katikati mchanga huonekana bapa. Mwanga unashuka kutoka utosini, hakuna kivuli, na jicho halitofautishi mteremko mpole na genge la mita kumi. Ikifika saa tisa na nusu alasiri jua linainama, na kila tuta linajichora lenyewe: unaona palipopanda na unaona palipokatika. Ule ndio wakati wa kuendesha. Magharibi ikiingia, uwe umeshashuka kwenye kwadi na mkono wako umeshika finjani ya kahawa. Mengine yote humu yanafuata hapo.

Hatua ya kwanza: mwezi na tarehe

Nenda kati ya Novemba na Machi mwanzoni. Mchana joto linavumilika na usiku kuna baridi ya kutaka koti. Oktoba na Aprili panawezekana kwa aliyezoea. Kuanzia Mei hadi Septemba achana nalo: joto hupita nyuzi 45, mchanga unaunguza hata kupitia soli ya raba, na baadhi ya kambi hufungwa kabisa.

Wikiendi ya Omani ni Ijumaa na Jumamosi, na siku hizo vijana wa Maskati hujaa Bidiya na magari yao. Ukiweza, nenda Jumapili au Jumatatu. Utapata kwadi nzuri zaidi na utapata kimya, na mimi kimya kile nakihesabu kuwa nusu ya safari. Ramadhani pia inawezekana, kwa sababu chakula cha kambini kinageuka kuwa futari, ila mchana hakuna kula wala kunywa hadharani, hata kwa asiyefunga.

Hatua ya pili: kambi kwanza, kwadi baadaye

Watu hukosea hapa. Huagiza kwadi, kisha wanatafuta kambi, wanajikuta viko mbali, na jua linawachwea njiani. Chagua kambi kwanza. Zipo za aina mbili: zile zilizo kando ya mchanga karibu na Al Wasil na Mintirib, na zile zilizo ndani kabisa, kilomita 20 au zaidi. Kama ni mara yako ya kwanza na unataka kwadi na chakula tu, ya kandokando inatosha. Ya ndani ina nyota nyingi na utulivu mkubwa, lakini unahitaji gari linalovuta matairi yote manne na mtu anayejua njia, au kambi yenyewe ije kukuchukua kwenye lami. Wengi hufanya hivyo: unaegesha gari lako dogo mjini, wao wanakuja na lao.

Kambi nyingi zina kwadi zao au zina mtu wanayefanya naye kazi. Uliza haya kabla ya kutuma hata baisa moja:

Bei ni kwa mtu au kwa kwadi? Ni ya nusu saa au saa nzima, na saa inaanza kuhesabiwa wakati gani? Helmeti na miwani ya vumbi vimo ndani ya bei? Kuna kiongozi atakayetangulia na kwadi yake? Kwadi ikizimika porini, nani anaifuata? Ikiharibika, nani analipa?

Kama jibu la swali la kiongozi ni "huko ni wazi tu, nenda popote", tafuta mwingine. Rial moja ina baisa 1,000 na ni sawa na dola 2.6 hivi, kwa hiyo tarakimu ndogo isikudanganye. Rial 20 ni zaidi ya dola 50.

Bima nayo iangalie. Bima nyingi za safari zinaziweka kwadi nje mpaka ulipie nyongeza, na hilo limeandikwa kwa herufi ndogo mwisho wa karatasi. Mjamzito asipande, wala mwenye maumivu ya mgongo. Hawa wana raha yao kambini, tutafika.

Hatua ya tatu: nguo

Suruali ndefu, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunga kamba vinavyofunika kifundo cha mguu. Ndala na makubadhi weka kwenye begi la kambini.

Dada zangu na mama zangu, hapa nawaomba sana. Buibui na dera havipandi kwadi. Kitambaa kinachopeperuka hunaswa na tairi la nyuma au mnyororo, na kikinaswa kinamvuta mtu chini kabla hajajua kinachotokea. Vaeni suruali pana na kanzu fupi ya magotini, na mtandio uchomekwe ndani ya shati pande zote. Kanga ni bora kuliko vitambaa vyote wanavyouza huko: ikunje pembe tatu, funika pua na mdomo, funga kisogoni chini ya helmeti, ncha zote ndani. Wanaume na vilemba vyao vivyo hivyo, pasiachwe mkia unaoning'inia.

Beba maji lita mbili kila mtu, mafuta ya kuzuia jua, koti la usiku, tochi, na mfuko wa plastiki wa kufungia simu. Mchanga wa kule ni laini kama unga na unaingia hata palipofungwa zipu.

Hatua ya nne: njia

Ondoka Maskati saa tatu au saa nne asubuhi. Barabara ya Bidbid kwenda Sur ni pana na nzuri, kwa mwendo wa saa mbili na nusu unafika. Lakini simama mji wa Ibra, ulio njiani. Jumatano pana soko la wanawake ambalo linajulikana nchi nzima, ila hata siku nyingine pana jambo la sisi wenye lugha hii. Kutoka Ibra na Mudhairib walitoka watu wengi waliokwenda Unguja, Pemba na bara mpaka Tabora na Ujiji, na wajukuu wao wengi walirudi Omani baada ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Kiswahili kipo majumbani hadi leo. Mara moja nilikuwa nikinunua maji nikazungumza na shangazi yangu kwa sauti, mzee aliyekaa kizingitini akageuka: "Mnatoka mji gani, wanangu?" Shangazi akamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia marahaba kama yuko Malindi ya Unguja. Tulikaa saa nzima. Kwa hiyo weka nafasi ya kuchelewa Ibra, na sali Adhuhuri hapo.

Mafuta ya gari jaza Bidiya. Kama unaingia mchangani na gari lako, punguza upepo wa matairi hadi psi 15 au 18 hivi kutoka 35 ya kawaida, ili tairi litanuke na kuelea. Wenye pampu za kurudishia upepo wako pale pale kandokando ya mchanga.

Hatua ya tano: ikague kwadi kabla ya kuikalia

Toa simu, izunguke kwadi ukipiga video, hasa mabawa ya plastiki juu ya matairi na taa. Mkodishaji mmoja aliwahi kunidai bawa lililokuwa limepasuka tangu tulipolikuta, na kwa kuwa sikuwa na picha nililipa. Usiache pasipoti yako kama rehani, toa nakala au pesa kidogo ya amana.

Kisha shika breki zote mbili na usukume, isisogee. Tia mafuta kidogo uachie: kile kibao cha kidole gumba lazima kirudi chenyewe papo hapo. Kikirudi polepole, kwadi hiyo ikatae, hata kama ndiyo pekee iliyobaki, kwa sababu mchanga umeshaingia kwenye waya na utakuja kukwama ukiwa unashuka. Uliza swichi ya kuzima iko wapi na uizime mara mbili huku unaangalia pembeni, mpaka mkono uijue. Tazama kama kuna kijiti kirefu chenye bendera nyuma, kinachomwonyesha mwenzako aliye upande wa pili wa tuta kuwa unakuja. Helmeti ikae imara: itikise kichwani, ikizunguka peke yake omba nyingine.

Kwa asiyewahi kuendesha, chukua ya otomatiki, yenye injini ndogo. Kijana wa kukodisha atakupigia debe ile yenye injini ya cc 700, na kweli ina nguvu, lakini nguvu hiyo ni ya mtu anayejua kuimiliki. Kwadi nyingi zina kiti kirefu na bado zimetengenezwa kwa mtu mmoja, kwa sababu urefu ule ni wa kuhamisha mwili wako mbele na nyuma. Usimpakize mtoto nyuma.

Hatua ya sita: kuendesha

Anza kwenye bonde, pale pa bapa, dakika kumi nzima. Zunguka kulia, zunguka kushoto, simama. Utaona kwadi haikati kona kama pikipiki ya kawaida. Lazima uulalie upande unaoelekea, nyonga itoke kidogo kwenye kiti, la sivyo inakwenda mbele moja kwa moja.

Miguu ibaki kwenye vikanyagio wakati wote. Narudia hili kwa kila ninayemleta na bado kuna anayesahau: mwendesha bodaboda hushusha mguu akihisi anaanguka, ndiyo mazoea yake, na kwenye kwadi mguu ulioshuka hukanyagwa na tairi la nyuma la kwadi hiyo hiyo.

Sasa tuta. Kila tuta lina pande mbili. Upande wa upepo ni mpole na mchanga wake umeshindiliwa. Upande wa pili, ambako mchanga unaporomokea, husimama nyuzi 32 hadi 34, kwa sababu mchanga mkavu hauwezi kusimama wima kuliko hapo, na ni tifutifu. Alasiri unazitofautisha kwa jicho tu: katikati yake mwanga na kivuli vinakutana kwa mstari mkali kama uliokatwa kwa wembe. Ule mstari ndio ukingo, nao ndio unaoumiza watu.

Lipande tuta moja kwa moja, kifua mbele, na mafuta yatie tangu chini bondeni. Ukingojea mpaka katikati ya mlima umeshachelewa, tairi zinachimba. Zikibaki mita chache kufika ukingoni achia mafuta, kwadi ifike juu ikitambaa, na uone ng'ambo kabla matairi ya mbele hayajavuka. Msimu wangu wa kwanza nilifuata alama za matairi ya mwenzangu nikadhani alipopita yeye nami nitapita. Upepo ulikuwa umekula upande wa pili. Nilivuka ukingo na mafuta yote, pua ya kwadi ikazama, nami nikapita juu ya usukani. Nilivunjika kifundo cha mkono, nikafungwa plasta wiki sita. Alama za matairi zinakwambia kuwa mtu alipita. Hazikwambii kama alifika chini salama.

Kushuka, shuka moja kwa moja, mwili nyuma, mafuta umeachia, breki ya nyuma kwa upole. Breki ya mbele ukiibana ghafla kwadi inapinduka. Na usilikate tuta kwa ubavu: tairi za chini zinazama, za juu zinanyanyuka, na mzigo wote unakulalia. Ukiona inaanza kulala, iachie na ruka upande wa juu. Chuma kinalipika.

Ukikwama usiendelee kutia mafuta, kila mzunguko unachimba kaburi la tairi. Shuka, toa mchanga mbele ya matairi kwa mikono, itikise kwadi huku na huku, kisha itoe kwa mafuta kidogo ukirudi ulikotoka.

Vichaka viachie nafasi. Watafiti wa Royal Geographical Society ya Uingereza walipofanya kazi humu mwaka 1986 waliorodhesha aina 150 za mimea ya asili, mahali ambapo mpita njia anaapa hapana kitu. Mti wa ghaf unaouona peke yake umeshusha mizizi mbali sana kutafuta maji, na mbuzi wa Bedui wanakula majani yake. Ukiona mahema ya watu au ngamia, zunguka mbali na upunguze mlio. Ni kwao.

Ukipotezana na kiongozi, panda mahali pa juu, zima injini, sikiliza, na baki hapo na kwadi. Kaskazini mwa jangwa hili matuta makubwa yamelala kwa mistari mirefu ya kaskazini na kusini, na mabonde ya kati ndiyo njia, kwa hiyo watakutafuta kwa kufuata bonde. Namba ya polisi na dharura ni 9999, ila mtandao wa simu ndani hukatika, ndiyo maana kambi ijue umetoka saa ngapi.

Desemba jua linazama yapata saa kumi na moja na nusu. Geuza kwadi nusu saa kabla. Kivuli kikishalimeza bonde lote, mchanga unarudi kuwa bapa kama ule wa mchana, na giza halikawii.

Hatua ya saba: kambini

Panda tuta lililo karibu na kambi kwa miguu, bila viatu, ukae uangalie jua likizama. Mchanga wa juu bado una joto, ukichimba kidole tu ndani ni baridi. Kibla ni upande huo huo wa magharibi, na Magharibi iliyosaliwa pale juu na wenzako watatu wanne inakaa moyoni miaka.

Ukishuka utapewa kahawa na tende. Kahawa ya Omani ni nyepesi kuliko ya vijiweni kwetu, ina iliki, na haitiwi sukari kwa kuwa tende ndiyo sukari yake. Anayemimina anashika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia, na anaanza na mkubwa wenu. Pokea kwa mkono wa kulia. Ataendelea kukujazia mpaka uitikise finjani kidogo unapomrudishia, hapo anajua umetosheka.

Chakula cha kawaida cha kambini ni mishkaki, na wenyewe wanaiita mishkak, kuku wa kuchoma, wali, saladi, mkate mwembamba. Kizuri. Lakini mkiwa kundi, piga simu siku tatu nne kabla uulize kama watafukia shuwa. Nyama ya mbuzi au kondoo inapakwa kitunguu saumu, giligilani, bizari, iliki, karafuu na siki, inafungwa kwa majani makavu ya mgomba au mtende, inatiwa kwenye kifuko cha ukili, na inashushwa kwenye shimo lenye makaa. Shimo linafunikwa na kufukiwa, na hakuna anayeligusa kwa siku nzima au mbili. Ni chakula cha Idi, ndiyo maana hakipatikani kwa kufika na kuagiza.

Omba uwepo wanapofukua. Usiku mmoja nilikuwa na shangazi walipofukua. Vijana wawili walikwangua mchanga kwa koleo, wakanyanyua bati, na kabla hatujaona kitu harufu ilitufikia, moshi na viungo pamoja. Kifuko kilitoka cheusi kinafuka. Kilipokatwa, mfupa wa paja ulijitoa wenyewe, mweupe, nyama ikabaki kwenye jani. Shangazi alichukua kipande kwa vidole vitatu, akatafuna taratibu, akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, hii karafuu imekuja na meli kutoka kwetu." Yule mpishi hakujua Kiswahili, lakini neno karafuu alilijua, kwao ni qaranful, akacheka akamwongezea.

Mnakula kwenye sinia moja, mkono wa kulia, kila mtu upande wake. Kula polepole. Haluwa inakuja mwisho na kahawa tena.

Hatua ya nane: lala pale

Usirudi Maskati usiku huo. Umechoka, umeshiba, na ngamia hukatiza barabara gizani, nao miguu yao mirefu inafanya mwili mzima uangukie kioo cha mbele. Chukua hema, lala. Zima taa zote saa nne, toka nje na blanketi, lala chali.

Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, kwa sababu nge hupenda palipo na joto. Amka kabla ya jua, utaona juu ya mchanga maandishi ya usiku: nyayo za mbweha, mstari wa mjusi, vidoti vya mdudu aliyepanda tuta zima. Ikifika saa tatu upepo umeshavifuta. Kunywa chai, lipia kilichobaki, na ukiwa na gari lako rudisha upepo wa matairi kabla hujashika lami.